Mbaazi za Asubuhi ya Mbio

Sidi, mama yangu,

Salamu nyingi siandiki, kwa kuwa tuliamkiana leo hii hii asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni, na shikamoo yako ilikuja na povu. Nimeipokea na povu lake. Marahaba.

Wewe umekwenda Mnarani kumuaga shangazi yako, mamako yuko jikoni, nami nimebaki hapa kibarazani na kalamu niliyoiazima kwa Kocha Mutua, ambayo sina nia ya kuirudisha. Utausamehe mwandiko. Shule niliiacha darasa la tano, baada ya mimi na mwalimu kushindwa kukubaliana ni nani kati yetu anayefundisha. Lakini kuandika ni lazima, kwa sababu mdomo wangu unaujua. Nikikaa na mtu kusema jambo la maana, mzaha unatangulia kama kuku aliyeona mlango wazi, na jambo lenyewe linabaki nje likibisha hodi.

Humu hutakuta ufunge mlango, uchemshe maji ya kunywa, usipokee simu ya mtu usiyemjua. Hayo mamako atakuimbia kutoka hapa Gede hadi kituoni, na akisahau moja atakupigia kabla basi halijafika Kilifi. Mimi nataka tuzungumze juu ya mbaazi.

Usicheke. Ama cheka, lakini endelea kusoma.

Tangu ile siku ya mashindano mwaka jana hujagusa mbaazi katika nyumba hii. Hukusema kitu. Bakuli likija mbele yako unalipitisha tu kwa anayefuata, kama mtu anayepisha ng'ombe njiani, na unamega ugali wako kwa mboga nyingine. Mamako anasema ni ladha tu, ladha za watu hubadilika. Mimi kila nikiliona lile bakuli likipita, najiuliza: mtoto huyu anakataa mbaazi, au ananikataa mimi? Na mzee mzima, mwenye mvi hadi puani, nikawa naogopa kukuuliza habari ya mboga.

Nianze mbali kidogo, ndipo utajua mbaazi zilitoka wapi.

Kwetu mtoto wa kike huchukua jina la mama wa baba yake. Ndiyo maana nakuita mama, na ndiyo maana tangu ulipojua kusema umekuwa ukinituma maji ya kunywa: "Karisa mwanangu, harakisha." Basi yule Sidi mwenyewe, mwenye jina, siku niliyotoka nyumbani kwenda Marereni kutafuta kazi ya chumvi, aliamka akawasha moto, akateleka sufuria ya maji, akakaa. Maji yakachemka. Hakukuwa na cha kutia. Tukakaa wawili tukiyatazama, kana kwamba yangejiamulia yenyewe kuwa uji. Mwisho akanimiminia kikombe, akatia chumvi kidogo, akasema, "Kunywa mwanangu, utie tumbo joto." Fikiria! Chumvi, na mimi ndiko niendako kwenye chumvi. Nilicheka njia nzima. Nilicheka hadi macho yakatoa maji, na sikuyapangusa.

Siku ile nikaapa kwamba hakuna mtoto atakayetoka mkononi mwangu tumbo tupu. Kiapo kizuri. Ila mtu mwenye njaa akiapa hapimi.

Umeneja wa timu yenu unajua nilivyoupata. Sikuchaguliwa na mtu. Nilikuja tu jioni moja uwanja wa shule kukufuata, maana giza lilikuwa linaingia, na Kocha Mutua, na ile firimbi yake aliyotoka nayo Ukambani, akanigeukia akasema, "Mzee, nishikie hizi kidogo." Akanipa kopo la pini za kubania namba. Nimelishika mpaka leo. Hajarudi kulichukua.

Nilirudi nyumbani nimetuna. Nikamwambia mamako, "Unazungumza na meneja wa timu ya riadha."

"Meneja? Na mshahara?"

"Ni kazi ya kujitolea."

"Basi jitolee na kuni, zimekwisha."

Alisema kweli, lakini mimi kazi ile niliipenda, Sidi. Baada ya miaka ya kuvuta chumvi, miguu imepasuka kama ukuta wa udongo, mtu ambaye hawezi kukimbia kutoka hapa hadi chooni hata haja ikimbana, leo napita katikati ya uwanja na waamuzi wananiita bwana meneja. Nikabania namba vifuani. Nikabeba viatu vya misumari, simu, na mabuibui ya kina Mwanaisha. Nikajua ni nani analia chooni kabla ya mbio na ni nani anayetaka kuachwa alie. Na nikawa ndiye wa kutumwa kwa wazazi. Unamkumbuka babake Mwanaisha alivyotupokea? Alikaa kitini, tasbihi mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti yangu akimbie, kwani nani anamfukuza?"

Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, akijifunza sasa, siku atakapotokea wa kumfukuza hatampata."

Akamwita binti. Akamwambia, "Nenda, lakini urudi na huyu mzee." Hapo nilijiona kiongozi. Na mtu akishajiona, ndipo anapokosea.

Sasa yale mashindano ya Kilifi. Ulijua, kila mtu alijua, kwamba yule mama kocha wa Nakuru atakuwepo, na kwamba anatafuta wasichana wa kwenda naye, wakimbie huku wakisoma chuo. Kocha Mutua alinieleza mara mbili, kwa sauti ya darasani: "Mzee, asubuhi ni chai, mkate, na ndizi. Basi." Nikasema sawa, mwalimu. Nikatoka pale nikasema moyoni: huyu ni mtu wa bara, ukarimu hajui. Watoto wa watu nimewaombea ruhusa kwa baba zao, niwapeleke vitani na mkate mkavu? Wazazi wao wataniona mtu wa aina gani?

Nikamwendea mamako. "Pika mahamri. Na mbaazi, tui zito."

Akaacha kuchambua mchele. "Wanaenda kukimbia au kuolewa?"

"Wanahitaji nguvu."

"Karisa, mtu akila mbaazi za tui asubuhi, nguvu yote aliyo nayo ni ya kutafuta kivuli."

Aliyasema hayo, mamako. Nami nikamwambia mambo ya riadha aniachie mimi.

Mlikula uani kwetu kama harusini. Mwanaisha alilamba bakuli. Wavulana wa mbio ndefu walirudia, wakarudia tena. Wewe ulisema, "Baba, imetosha," ukaziba bakuli na kiganja. Nami nikakiondoa kile kiganja, kidole kwa kidole, nikamimina. "Ongeza, mama. Mbio yako ni ndefu."

Kiganja hicho nakikumbuka kuliko mambo mengine yote.

Kufika uwanjani jua limeshapanda. Wavulana wetu walilala chini ya hema la watu wengine wakikoroma. Aliyekuwa akimbie mbio ya kwanza alikimbia ameshika tumbo kama mama mjamzito. Timu ya Marereni ilikuwa pale, na watu niliovuta nao chumvi walikuja kushangilia watoto wao. Mmoja akanijia anacheka, "Karisa, hawa umewalisha au umewapakia?" Kabla ya adhuhuri uwanja mzima ulikuwa unatuita Timu ya Mbaazi.

Kisha mkaitwa nyinyi wasichana wa mita elfu tatu. Ulianza vizuri, mama. Raundi za mwanzo ulikuwa wa pili, umetulia, na nilimwona yule mama wa Nakuru amesimama kwenye uzio, ameacha kuzungumza na watu. Baadaye nikaona uso wako umebadilika. Ukatoka njiani. Ukashika chuma cha uzio, mbele yake kabisa, ukainama.

Hapa nina sentensi moja ya kuchekesha sana. Niliitunga mwenyewe, na pale kwa muuza kahawa waliipigia makofi. Siiandiki.

Maana kosa la chakula, Sidi, ni kosa la chakula. Tumbo lina haraka ya kusahau. Nililofanya baadaye ndilo ninalotaka kulizungumza. Tulirudi nyuma ya pikapu, wewe umeweka kichwa magotini, na mimi njia nzima nikapiga mizaha. Kutoka Kilifi hadi Gede, wakacheka wote, hata Mwanaisha aliyekuwa analia. Wewe hukuinua kichwa. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi, pole, hata mtoto mchanga anaweza kulitamka. Nililiona limekaa pale, nikaliruka.

Gede wakanipa jina Mzee Mbaazi, nami badala ya kulikataa nikalivaa kama kofia mpya. Kila jioni kwa muuza kahawa nikahadithia upya. Nikaigiza wavulana wakikoroma. Nikaigiza yule wa tumbo. Na jioni moja nikakuigiza wewe. Nimeshika nguzo ya kibanda, nimeinama, mashavu nimeyajaza, watu wanaanguka kwa kicheko, nikainua kichwa nikakuona ng'ambo ya barabara umetoka mazoezini, viatu mkononi. Ulisimama kidogo tu. Ukaendelea na njia yako, wala hukuongeza mwendo.

Kahawa yangu niliimwaga. Tangu siku hiyo kisa kile sijakisimulia kwa mtu, na wakinichokoza naagiza kashata nijaze mdomo.

Kesho yake nilimpelekea Kocha Mutua kopo lake la pini. Nikamwambia, "Tafuta mwingine."

Hakulipokea. Akasema, "Mzee, ulikosea kifungua kinywa. Mimi nilishawahi kupeleka timu uwanja ambao si wenyewe. Na kwa kina baba nitakwenda mimi? Babake Mwanaisha ataniuliza kwani nani anamfukuza, nami nitaanza kumweleza faida za mazoezi. Hebu rudi na pini zako."

Nikarudi nazo. Lakini kilichonibakisha hasa ni wewe. Yale mashindano madogo ya Malindi, unayakumbuka? Wenzako wote walikuwa wamebaniana namba wenyewe kwa wenyewe. Wewe ukaja ukasimama mbele yangu, ukanipa namba, ukainua kidevu kutazama juu. Ukasema, "Iwe sawasawa. Isipinde." Ni hayo tu. Nilibania, nikajichoma kidole, nikainyonya damu kimya kimya, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mzaha.

Ila mbaazi hukula.

Mwaka huu tukarudi Kilifi. Yule mama wa Nakuru naye karudi. Asubuhi ile naijua mimi na Mungu wangu. Chai, mkate, ndizi. Ulikuwa unakula kipande cha mkate polepole, unakitazama, unakiweka chini, unakichukua tena, nami mikono yangu nimeikalia yote miwili. Hapo ndipo mamake Mwanaisha alipotokea na sufuria ya pilau kichwani, inafuka moshi, harufu imemtangulia.

"Watoto watashindaje na tumbo tupu?" akasema. "Nimeamka alfajiri kwa ajili yao."

Nikasimama njiani. "Mama, pilau hatuikatai. Tunaiahirisha."

"Wewe! Mzee Mbaazi! Leo wewe ndiye daktari wa matumbo?"

"Dada yangu, daktari wa kuogopwa ni yule aliyewahi kuua."

Akacheka, lakini alikuwa ameumia, niliona. Mtu ameamka alfajiri akapika kwa upendo, unamwambia subiri. Nilimjua kwa sababu alikuwa mimi mwenyewe, amevaa leso. Nikamwomba tukae naye pamoja, tukaiweka ile sufuria katikati, nami nikaweka mkono juu ya kifuniko kama mtu anayeapa. Tukaangalia mbio hivyo.

Ulikuja wa pili. Sikuona mwisho vizuri, kulikuwa na vumbi machoni, au tuseme ni vumbi. Nilisikia tu mamake Mwanaisha akipiga vigelegele sikioni mwangu, nikajua.

Yule mama wa Nakuru akaja moja kwa moja. "Wewe ndiye meneja?"

"Ndimi."

"Huyu binti si ndiye aliyeugua mwaka jana, pale kwenye uzio?"

Sidi, mzaha ulikuwa pale mlangoni, mguu mmoja ndani. Nikaufungia. Nikasema, "Hakuugua. Nililisha timu vibaya, na yeye alikuwa ameniambia imetosha. Kosa lilikuwa langu, lake halikuwamo."

Akasema, "Ndiyo maana nilirudi kumtazama tena. Mtu aliyeanza vile hakuwa mtu wa kutoka njiani bila sababu." Kisha akainama akanusa hewa. "Na hiyo ni pilau?"

Tukaila wote, baada ya mbio. Ilikuwa imepoa, imeshikana chini. Sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwepesi, mama. Napita pale kwa muuza kahawa nikiitwa Mzee Mbaazi naitika kama mtu aliyeitwa kwa jina la babake. Jambo moja tu lilikuwa limebaki, na nilishakubali kwamba utaondoka nalo. Nilijiambia: mtoto amechukuliwa Nakuru, anakwenda zake chuo, atakimbia, atasoma, mtu hawezi kupewa vyote na bakuli juu yake.

Huko uendako kutakuwa na mtu kama mimi. Kila klabu inaye. Atakuwa mzee, au mama wa makamo, pini zimo mdomoni kwa hiyo hajibu salamu vizuri, amejazwa viatu vya watu mikononi, na hakuna anayejua alianza lini wala nani alimweka. Siku nyingine atakukosea. Atakuita mapema mno, atapoteza soksi yako moja, atakuambia kula wakati hutaki. Ukiona imetosha, ziba bakuli na kiganja. Akikiondoa kiganja, kirudishe, na umwambie babako ndiye aliyekutuma. Lakini kwanza mwamkie, mama. Hakuna anayewaamkia watu hawa, wanadhaniwa ni sehemu ya uwanja.

Sasa nikuambie la leo asubuhi, ingawa ulikuwepo.

Ulikuwa umeshafika mlangoni, mkoba begani, unakwenda Mnarani. Ukageuka. Ukasema na mamako jikoni, lakini kwa sauti ya kufika kibarazani: "Mama, kesho sikimbii, au siyo? Nitakaa tu kwenye basi mchana kutwa. Basi asubuhi mnipikie mbaazi. Tui zito." Ukaondoka.

Mamako akachungulia mlangoni akanitazama. Nami, meneja wa timu, nilikuwa nimeinama chini ya kiti natafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni.

Alitaka kuziloweka, nikamwambia aniachie. Nimezichagua moja moja, nimezitia maji. Nazi nitazikuna mwenyewe kukipambazuka, na nimeshaifuta mbuzi ya kukunia vumbi, imewekwa tayari hapa miguuni. Nakusikia sasa unakuja, unazungumza na mbwa wa jirani pale njiani, kwa hiyo niifunge barua hii niitie kwenye begi lako la safari, chini ya viatu, usiione kabla ya Nakuru.

Kesho nitakupakulia kiasi. Sitasema ongeza. Ukitaka zaidi, sema mwenyewe. Nitakuwa nimekaa karibu na sufuria.

Pole, mama. Ya Kilifi, ya kwenye pikapu, na ya pale kwenye kahawa.

Mimi babako, na kwa jina mwanao,
Karisa